Tusiufungue mduara

Ndugu Mhariri,

Shule nyingi za msingi hapa Uganda huwafundisha watoto michezo ya kuimba wakati tu mashindano ya muziki, ngoma na maigizo yanapokaribia. Mduara hufunguliwa, watoto hupangwa safu wakiwatazama majaji, na mchezo hufa papo hapo, kwa sababu mtoto haoni tena mikono ya wenzake.

Chukua mchezo wa kupitisha mawe. Watoto 8 hadi 12 huketi duara, magoti yakikaribia kugusana, kila mmoja na jiwe laini linaloenea kiganjani. Pigo la kwanza la wimbo, okota jiwe lililo mbele yako. La pili, liweke mbele ya jirani wa kulia. Mawe yakirundikana kwa mtoto mmoja, msimkemee. Mara nyingi anasubiri kuliona jiwe badala ya kuufuata wimbo. Waimbe kwanza mikono mitupu wakigonga ardhi, ndipo mawe yaingie. Anayeanzisha wimbo asipandishe sauti juu mno, sauti za wadogo zitakatika. Mwendo uongezwe wimbo unaporudi mwanzo, kamwe si katikati.

Mwalimu wa Gulu ayatafute maneno ya nyimbo kwa bibi wa Kiacholi, wa Masaka kwa bibi wa Kiganda; wangali wanayajua. Na tafadhali, watoto wanaotolewa mchezoni kwa kukosea wasikalishwe kimya pembeni. Wapewe kazi ya kupiga makofi, wawe ndio washika mdundo.

Walimu wa muziki,
Jinja