Rehema, njoo uutazame huu ukuta kabla ya Jumanne

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi, na watoto wape zao. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mama Zubeda, na Shufaa ameniambia unasema nimekusahau. Sijakusahau. Nilikuwa natafuta nyumba, na niliogopa kulitaja jambo kabla halijashika. Sasa limeshika, na hofu ndiyo kwanza imeniingia.

Tumetia saini mkataba wa awali. Nyumba iko Ufaransa, kijiji kidogo cha vilimani karibu na Saint-Chinian, ukitokea Béziers, huko mizabibu inakoota kwenye mawe meusi yanayobanduka kama kurasa. Duka hakuna. Mkate huletwa na gari asubuhi, dereva anapiga honi mara mbili, kisha kutwa nzima unasikia kengele ya kanisa na trekta tu. Idi aliniuliza mtu asiyekunywa mvinyo anafuata nini huko. Nikampeleka mwezi wa tisa, wakati wa mavuno, kijiji kizima kinanukia zabibu zilizokamuliwa. Hakuuliza tena.

Ilikuwa nyumba ya mkulima wa mizabibu. Chini kuna ghala lenye mlango mpana wa tao, farasi na mkokoteni walipita hapo, na pete ya chuma ya kumfungia farasi bado iko. Watu waliishi juu. Kwenye jiwe la tao pamechongwa 1868. Ni mwaka uleule ambao Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, alimwona mdudu wa filoksera kwenye mizizi ya mizabibu, ndiye huyo aliyekuja kuteketeza mashamba ya Hérault, mkoa wa kijiji hiki. Namfikiria sana aliyeichonga ile tarehe. Kajenga kwa fedha ya mvinyo, reli inapeleka mapipa Paris, na mdudu keshaingia ardhini kusini huko huko.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni ukuta.

Ni ukuta wa nyuma wa ghala, ule unaoegemea kilima. Nyumba nzima ni mawe yaliyoungwa kwa udongo na chokaa, unene unapita nusu mita. Sasa kuna mtu, miaka ya nyuma, aliupiga lipu ya saruji kutoka sakafuni hadi kifuani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chokaa huyaachia maji yatoke na saruji huyafungia, nayo yakifungiwa chini hupanda. Basi ndivyo yalivyofanya. Saruji ukiigusa ni kavu kabisa. Inapoishia, chokaa ya zamani imelowa na kuchanua chumvi nyeupe, ukipitisha kidole inamwagika kama unga.

Na hapohapo, Rehema, kwenye hiyo chokaa, pale saruji inapoishia, kuna maandishi ya penseli. Ni tarehe za mavuno. Mwaka, siku waliyoanza kukata, idadi ya mapipa, mstari chini ya mstari, na miandiko inabadilika, unaona kabisa hapa baba kaacha na mtoto kashika. Niliitafuta 1907 nikaipata. Ni mwaka ambao bei ya mvinyo ilikuwa imeporomoka mpaka wakulima wakajaa Montpellier kwa malaki, na Narbonne askari wakawafyatulia watu risasi. Ukutani hayo hayamo. Ipo tarehe, yapo mapipa, basi. Mistari ya chini kabisa imeshaliwa na chumvi, na mara ya pili nilipokwenda niliona kama imepungua tena, ingawa labda ni macho yangu.

Wanaouza ni ndugu wanne waliorithi, na isingekuwa sahihi zote nne kusingekuwa na mauzo. Dada yao mkubwa alisimama pale mlangoni akaniuliza kama nitaupaka rangi ule ukuta. Nikamjibu hapana, utabaki. Nimeahidi, na sijui kama kinachoahidiwa kinaokoleka.

Sasa sikiliza haraka yangu inatoka wapi. Sheria ya huko inampa mnunuzi siku kumi za kujitoa bila kueleza sababu, zinahesabiwa kuanzia kesho yake baada ya kupokea mkataba. Unatuma barua ya rejista, na amana yako inarudi ndani ya siku 21. Leo ni ya tano. Ya kumi ni Jumanne. Zikipita, nikijitoa amana yetu inapotea, asilimia 10 ya bei. Tungekuwa tunakopa na benki ikatunyima, mkataba ungejivunjikia wenyewe, lakini ukuta si mkopo. Na mkataba una kifungu kwamba wauzaji hawadaiwi kwa kasoro zilizofichika. Hata kisingekuwepo, huu ukuta nimeuona kwa macho yangu, nitasemaje ulifichika?

Notari, yule mwanasheria anayesimamia mauzo, ni mtu mpole, amenisomea kila kitu taratibu. Jalada la vipimo analo, nene. Wamepima madini ya risasi kwenye rangi kwa kuwa nyumba ni ya kabla ya 1949, wamepima asbesto, mchwa, nyaya za umeme, na upotevu wa joto, ambao umepata daraja F, baya. Ukuta hakuna aliyeutazama, wala paa. Hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kuutazama. Inaniuma hiyo kuliko ada zao za asilimia saba au nane.

Mengine nitayabeba. Kanisa limehifadhiwa na serikali na nyumba imo ndani ya mita 500, kwa hiyo hata rangi ya madirisha itapita kwanza kwa msanifu wao wa majengo ya kale. Sawa, ndiyo maana kijiji kimebaki kilivyo. La kuruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila 180 ndilo chungu: kwa pasi zetu, kumiliki nyumba hakukupi haki ya kuishi ndani yake. Idi anafuatilia viza ya muda mrefu.

Ila naurudia ukuta. Naamka usiku nauona. Picha nimeziambatisha, ile ya tatu nimepiga kwa tochi ubavuni ili chumvi ionekane.

Je, saruji ikibanduliwa polepole, ukuta huo utakauka, au maji ya kilima hayatakoma? Utachukua muda gani, miezi au miaka? Kuna namna ya kuibandua bila kuiangusha chokaa yenye maandishi? Mfereji nje, upande wa kilima, ungesaidia, au utalegeza msingi? Ungekuwa wewe, ungenunua? Na unaweza kuja Jumamosi? Panda treni mpaka Béziers, nitakuchukua stesheni, nauli juu yangu. Funguo dada mkubwa ameahidi kutuachia.

Ukiona hauokoleki niambie palepale, hata kama nitalia mbele yako. Barua ya kujitoa nimeshaiandika, iko mkobani, haina tarehe.

Wako,
Salma

Kama mguu wa mama bado unamsumbua na huwezi kumwacha, nipigie tu leo usiku, saa yoyote.