Kaka Baraka, kabla hujaikabidhi hiyo Mauser

Missoula, Montana

Kaka Baraka,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, theluji bado ipo. Barua yako nimeipata pamoja na picha. Resiva ya Mauser 98, yaani kile chuma cha katikati cha bunduki ya kijeshi ya Kijerumani ambamo komeo hufungia, na ule ubao wa walnati wa kuipachikia, nimevitazama mara nyingi, nikakuonea fahari. Mtutu hujanunua bado, na umefanya vyema kusubiri. Lakini pale uliposema kwamba jirani yako mwenye mashine ya kukereza atakuunganishia mtutu kwa nusu ya bei, nikaona nikuandikie leo leo. Kaka, nakuomba, usimpe.

Risasi ya .30-06 unayoitaka inaruhusiwa kufikia shinikizo la paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na hayo yote yanatokea karibu kabisa na jicho lako. Kinachokulinda ni ganda la risasi kukaa sawasawa ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapoingia, bila nafasi ya ziada kati ya kitako chake na uso wa komeo. Nafasi hiyo ikizidi, ganda huvutika, linaweza kukatika, na gesi ya moto ikarudi nyuma. Mafundi huipima kwa geji mbili za chuma: kwa ya kwanza komeo lazima lifunge, kwa ya pili lazima likatae. Tofauti ya geji hizo ni sehemu chache tu za elfu za inchi, na karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama sehemu 4 za elfu. Ukifika kwa fundi, mwombe akuonyeshe geji za risasi unayoitaka. Mwenye kazi yake atazitoa na kukueleza mpaka uchoke. Akikwambia yeye anapima kwa mazoea, mshukuru, chukua vitu vyako uondoke.

Halafu muulize kuhusu hesi za mtutu wa Mauser, ile mikato ya kuzungusha inayoukaza mtutu kwenye resiva, ila usimpe jibu. Hesi hizo zina pembe ya digrii 55, si 60 kama zilivyozoeleka hapa Marekani. Fundi aliyewahi kufunga mitutu ya Mauser atalitaja mwenyewe. Na kabla ya kukubali kazi, aangalie pale meno ya komeo yanapoegemea, kwani resiva za kijeshi zina ugumu juu na chuma laini ndani, na nyingine zimebonyea kwa matumizi. Akikukatalia resiva yako, hata kama itakuuma, huyo ndiye fundi wa kumshika.

Kuhusu .30-06 yenyewe, fikiria tena. Magazini ya Mauser ya jeshi, kile kisanduku cha kuwekea risasi, ilikusudiwa risasi fupi kidogo, zenye ganda la milimita 57. Ili .30-06 ipite vizuri, mara nyingi fundi hulazimika kuondoa chuma mbele ya magazini, karibu na pale jino la chini la komeo linapopata nguvu yake. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi, lakini kwa nini uanze kwa kupunguza chuma? Chukua 7x57, risasi ya milimita 7 yenye ganda hilo la 57, ya tangu 1892. Inaingia bila kulazimishwa, haikupigi bega sana, na kwa kulungu wa Idaho inatosha kabisa. Unamkumbuka yule mwindaji Bell wa Karamoja, kule Uganda? Tembo wake wengi aliwapiga kwa risasi hiyo hiyo ya milimita 7.

Kumpata fundi, nenda uwanja wa shabaha siku ya watu wengi, uulize wenye bunduki za kuundiwa nani aliwatengenezea, na kama wangerudi kwake. Kule Colorado, chuo cha Trinidad State kinafundisha ufundi wa bunduki tangu 1947, kwa hiyo ukisikia mtu amepita hapo, msikilize. Leseni ya serikali kuu lazima awe nayo. Kisheria resiva peke yake ni bunduki tayari, na ikilala kwake ni lazima aiandike kitabuni. Asiyetaka kuandika hafai.

Mwombe pia akuonyeshe bunduki yoyote aliyoipachika kwenye ubao. Walnati hunywa unyevu na kujipinda, na kazi mbaya huonekana pale chuma kinapokutana na mti.

Usitegemee kuwinda nayo vuli hii. Mafundi wazuri wana foleni, na mimi ningesubiri hata miaka miwili kuliko kumharakisha mtu kwenye chemba. Huku yupo mzee mmoja ninayemwamini kabisa. Nitamuuliza kama anapokea kazi. Nitumie picha ya maandishi yaliyogongwa juu ya pete ya mbele ya resiva, karibu na wazi kabisa, maana ndilo jambo la kwanza atakaloniuliza.

Ndugu yako,
Yusufu