Usitie sahihi kabla hujaisoma hii

Morogoro, Jumatano usiku

Rehema mwenzangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mtoto hajambo, mama goti linamsumbua bado ila anatembea mwenyewe mpaka dukani. Naamini na wewe huko Nkuhungu u mzima na vumbi la Dodoma linakuacha uvute pumzi. Najua ni miezi minane sijakuandikia wala kukupigia. Lawama zako nazipokea zote, tutazimaliza tukionana.

Leo sina subira ya salamu ndefu. Jana Mama Kulwa alipita bandani kuchukua maranda ya kuku wake, akaniambia kwa furaha kwamba umepata kazi ya madawati 120 ya shule, sh. 70,000 kila dawati, na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo mnatiliana sahihi. Nilifurahi, Rehema, wallahi nilifurahi. Halafu nikamuuliza, hiyo 70,000 kaipataje? Akanijibu, "Kakadiria mwenyewe, si unamjua Rehema kwa hesabu za haraka." Usiku usingizi haukuja.

Ndiyo maana nimekuandikia barua badala ya kukutumia ujumbe wa simu. Hesabu ikiwa kwenye karatasi utaikalia na kalamu. Dereva anayeileta atakupa pamoja na njegere za Mgeta, zimechumwa jana, usiziache zikalala kwenye mfuko.

Unaikumbuka ile kazi yangu ya milango 24 ya nyumba ya wageni? Ulinipigia vigelegele kwenye simu mpaka watu wa banda la jirani wakasikia. Sikukusimulia ilivyoishia. Sikumsimulia mtu.

Tajiri alikuja, akatazama milango niliyoiegemeza ukutani, akaniuliza, "Mbao za mkongo utaziweza wewe, au kuna fundi mwanamume nyuma?" Basi mimi badala ya kufikiria bei nikafikiria kumwonyesha. Wenzangu wa barabarani walikuwa wanauza mlango kama ule 240,000. Nikasema 220,000, hapohapo, nimesimama, patasi mkononi. Tukakubaliana.

Kichwani nilikuwa na hesabu yangu, na kwa kweli haikuwa ya uongo. Mbao 118,000. Gundi, msasa na vanishi 14,000. Kuchana na kuranda kwenye mashine ya jirani 12,000. Kijana wa kunisaidia 25,000 kwa mlango. Guta la kupeleka 7,000. Jumla 176,000. Inabaki 44,000 kwa kila mlango. Mara 24 ni 1,056,000. Nikaanza kuhesabu mabati ya nyumba ya mama.

Kazi ilikwenda miezi mitatu. Milango ilitoka mizuri, hilo nalisema bila kuona haya, maungio yamekaa hata wembe hauingii. Lakini ilipoisha sikuwa na hela ya bati hata moja, na sikujua imekwenda wapi. Nilimshuku yule kijana, Mungu anisamehe. Nilidhani ananiibia mbao.

Jibu nililipata kwenye mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuuliza habari za mashine ya kuranda, nikaambiwa kuna kozi fupi ya biashara kwa mafundi, nikajiandikisha. Siku ya pili mwalimu akasema kila mtu aandike kazi moja aliyoimaliza, na gharama zake zote. Nikaandika milango 24, na zile 176,000. Akaja akasimama nyuma yangu, akauliza taratibu: banda unalipia? Umeme je? Kilichoharibika umekiandika wapi?

Nikaanza kuongeza. Kodi ya banda miezi mitatu, 240,000. Umeme, 105,000. Milango mitatu ilipinda kwa sababu mbao hazikuwa zimekauka, nikairudia, mbao peke yake 354,000. Visu vya randa na msumeno, kunoa na kubadilisha, 90,000. Hiyo ni 789,000. Toa kwenye ile 1,056,000 yangu, inabaki 267,000. Nilifanya kazi siku 78. Gawanya, Rehema. Ni sh. 3,423 kwa siku. Yule kijana niliyemshuku alipata 600,000 halali yake, na mimi mwenye banda, mwenye vifaa, mwenye cheti, sikufikia hata nusu yake.

Mwalimu akauliza tena: na mshahara wa fundi uko wapi? Nikamwambia fundi ni mimi. Akasema, ungeugua, ungemwajiri mwingine kwa shilingi ngapi? Nikasema 20,000 kwa siku. Basi ni 1,560,000, akaniambia niiandike. Nilipojumlisha yote na kugawa kwa 24, mlango mmoja ulikuwa unanigharimu 273,875 kabla ya faida yoyote. Nimeuuza 220,000. Na hao wa barabarani niliowafuata kwa 240,000, wawili wameshafunga mabanda.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mti. Si kwa uchungu wa pesa peke yake. Nilikuwa nawaza miaka yote niliyotoa bei nimesimama.

Unakumbuka kule chuo cha ufundi Kihonda tulivyokuwa tukipimwa? Kiungo kikiachia milimita moja mwalimu anakitupa, unaanza upya. Wewe ulirudia fremu ya dirisha mara nne, ukaapa kwamba ya tano utamvalisha shingoni. Somo la ujasiriamali lilikuwepo, sikatai. Tuliandika sifa za mjasiriamali: anathubutu, ana maono, hakati tamaa. Tukazikariri, tukafaulu. Lakini sikumbuki hata siku moja tuliyowekewa mezani risiti ya mbao na bili ya umeme tukaambiwa, haya, mlango huu uuzwe shilingi ngapi? Na hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kila siku ya Mungu.

Sasa madawati yako. Hiyo 70,000 mara 120 ni 8,400,000, pesa ya kutetemesha mkono. Ndiyo maana naogopa. Kazi ndogo ikikosewa bei unakula hasara ya siku mbili. Kazi ya madawati 120 ikikosewa, unaikosea mara 120.

Bomba la mraba unanunua la mita 6, sivyo? Tuseme vipande vyako virefu ni mita 1.1. Kwenye bomba moja unapata vitano, ni mita 5.5, inabaki nusu mita. Umeihesabu ile nusu mita? Dukani umeilipia. Kama haiingii popote kwenye dawati basi ni gharama ya dawati, hata kama imelala pale kwenye rundo la vyuma chakavu. Halafu kuna vijiti vya kuchomelea, diski za grainda, rangi ya msingi na rangi ya juu, umeme wa LUKU. Umeme ukikatika mchana mzima vijana wako unawalipa au wanarudi nyumbani? Ukiwalipa, hiyo nayo iandikwe.

Na mbao za juu nani anazitengeneza? Kama ni za paini kutoka Mufindi niambie vipimo, nitakupa bei, ila safari hii nitaiandika kwanza. Usinihurumie na mimi sitakuhurumia, tutaelewana vizuri zaidi.

Kitu kingine kilichonishtua ni habari ya kupunguza bei. Wengi wetu tunasema nitaongeza asilimia 20 juu ya gharama, mteja akiomba punguzo nina pa kurudi nyuma. Kazi imekugharimu 200,000, umeongeza 20, bei ni 240,000. Mteja anasema nipunguzie asilimia 20 tu. Unadhani umerudi pale ulipoanzia. Hapana! Asilimia 20 ya 240,000 ni 48,000. Unauza 192,000, umemwongezea 8,000 kutoka mfukoni mwako. Nilipoona hivyo ubaoni nilikumbuka wateja kama kumi hivi, kwa majina.

Na malipo ya awali. Mimi nilichukua theluthi, 1,760,000, wakati mbao peke yake zilikuwa 2,832,000. Pengo nikalikopa kikobani, na riba yake sijaiweka hata kwenye hesabu niliyokupa hapo juu. Mwisho tajiri akashikilia 528,000 miezi mitano, eti mpaka vitasa vifungwe, na vitasa havikuwa kazi yangu. Hatukuandika, kwa hiyo nilikuwa nabishana na hewa. Kwa hiyo mkataba wako useme malipo ya awali yanatosha chuma chote, useme nani anabeba madawati mpaka shuleni, wakibadilisha kimo au rangi katikati nani analipia, na siku ya malipo ya mwisho iwe tarehe, si "kazi ikikamilika".

Najua utaniambia, Asha, nikipandisha bei wataenda kwa mwingine. Wanaweza. Sikufichi, mteja wa kwanza niliyemwambia 290,000 aligeuka akaondoka na hakurudi mpaka leo. Wiki mbili nilikuwa nafagia banda lililo safi. Mwezi ule nilifanya kazi nne, wakati nimezoea tisa. Lakini nilipofunga daftari mwisho wa mwezi, kilichobaki kilizidi mwezi wowote wa mwaka jana, na jioni nilikuwa narudi nyumbani kabla mtoto hajalala. Mgongo wenyewe umeshukuru.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa 200. Upande huu kilichoingia, upande huu kilichotoka, kila jioni kabla sijafunga mlango. Namba ya Lipa ya kupokelea malipo ya banda nimeitenga na simu yangu. Siku za mwanzo ilikuwa tabu, mama akitaka hela ya dawa naifuata kwenye hela ya mbao. Sasa najilipa kila Jumamosi, nikiishiwa Alhamisi nasubiri kama mwajiriwa yeyote. Hata kodi ya mapato inakuwa nyepesi kuijadili. Mwalimu alitupa mfano kwa viwango vilivyowekwa 2019: fundi mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka asiye na kumbukumbu anakadiriwa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa wanawake, iliyosimamishwa 2023 na kurudi mwaka uliofuata, kikundi chetu tulipokwenda kuulizia cha kwanza tulichoulizwa ni andiko la mradi na kumbukumbu za biashara. Wenzangu watatu hawakuwa hata na karatasi ya kufungia vitumbua. Mmoja wao ndiye fundi bora wa makochi mtaa mzima, inaniuma.

Lakini nimetoka nje ya njia. Ninachokuomba ni kimoja: kabla ya Ijumaa ile, tengeneza dawati moja. Moja tu, kamili, na rangi yake. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Weka risiti za kila kitu kwenye bahasha, hesabu vijiti, soma mita ya LUKU kabla na baada. Ukishapata namba ya hilo moja, weka juu yake kodi ya banda na mshahara wako mwenyewe, ndipo uzungumze na hao watu wa shule. Kama 70,000 inatosha nitaimba mimi kwenye simu. Kama haitoshi, utakuwa na dawati la kuwaonyesha na karatasi ya kuwaeleza, na hata wakikataa umepoteza bomba chache tu.

Sasa nijibu haya. Wamekwambia lini wanataka yaishe? Vijana wako ni wangapi siku hizi, yule mwenye kigugumizi anayechomelea kama mashine bado yupo? Bei ya bomba uliyotumia ni ya lini, maana huku imepanda mara mbili tangu Ramadhani? Umeshapokea chochote kwao? Nani aliandika huo mkataba, ni wao au ni wewe? Na mumeo anasemaje, au hujamwambia kama kawaida yako?

Jumamosi hii banda nitaliacha kwa kijana, nakuja na treni ya umeme ya asubuhi. Unipokee stesheni. Nakuja na daftari, rula na mbao za dawati moja nilizokwisha kuziranda. Bomba na vijiti viwe tayari, na usianze kukata mpaka nifike na saa yangu.

Wako wa Kihonda,
Asha