Mtoto haachi shule siku moja

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba watoto wa kusini wanaacha shule kwa sababu wazazi wetu wanajali unyago na korosho kuliko daftari. Nimefundisha Hisabati miaka 31. Kumi na minne ya mwisho niliifanya katika sekondari ya kata hapa Newala, na tisa kati ya hiyo nilikuwa pia mwalimu wa malezi. Nilistaafu 2020. Naomba nafasi kidogo nimjibu.

Ngoma zipo, sikatai. Mimi mwenyewe nilichezwa unyago. Lakini ngoma zetu nyingi huangukia likizo za Juni na Desemba, na shule ikifunguliwa watoto wengi hurudi, wengine wakiwa na nguo mpya. Anayetaka kujua mtoto anaachaje shule asitazame ngomani. Afungue daftari la mahudhurio.

Mwaka 2011 nilikuwa na Kidato cha Pili B, wanafunzi 54. Mwisho wa Agosti nikiwa najumlisha mahudhurio ya mwezi, nikaona sifuri nyekundu zimejipanga chini ya Jumatatu kama punje za mtama zilizodondoka kwenye gunia lililotoboka. Jumanne watoto wapo. Jumatano na Alhamisi wapo. Ijumaa baada ya saa sita wanaanza kupungua, na Jumatatu kumi na mbili au kumi na tano hawapo. Nilikuwa nimeweka alama hizo kwa mkono wangu mwezi mzima, na sikuwa nimeziona.

Mke wa mlinzi wa shule ndiye aliyenifumbua macho. Hao, akaniambia, ni watoto wa mageto. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, lakini kata ni pana, na wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, watatu au wanne pamoja. Ijumaa wanatembea kurudi nyumbani kuchukua unga. Nyumbani kukiwa na unga, Jumapili jioni wako barabarani. Kukiwa hakuna, wanasubiri mpaka upatikane.

Nikaenda kwenye geto mojawapo. Mkeka, sufuria moja, kibatari, mfuko wa makopa (mihogo mikavu) robo, na sare tatu zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Kodi ilikuwa Sh6,000 kwa mwezi. Mwalimu wa Hisabati haachi kupiga hesabu: kila kijana alitoa Sh2,000, na kwa miezi kumi ya masomo hiyo ni Sh20,000. Ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa Sh20,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtoto wa geto alikuwa analipa ada mara mbili kabla hajatia tonge mdomoni. Tulipotangaziwa elimu bila ada kuanzia Januari 2016 nilifurahi, na darasa la Kidato cha Kwanza likafurika. Sifuri za Jumatatu hazikuondoka. Ada iliyofutwa ilikuwa ile moja tu.

Msomaji wako anasema mzazi wa korosho ana hela. Anayo, mara moja kwa mwaka. Minada huanza Oktoba, malipo yanaingia kwa awamu, na kufikia Machi fedha imeshakwenda kwenye madeni, bati na misiba. Kuanzia hapo mpaka Septemba ni kupalilia na kupulizia, yaani kutoa bila kuingiza. Shule nayo inadai mchango wa chakula cha mchana kila mwezi. Sisi tulibadilisha jambo moja tu: mzazi aliyetaka aliruhusiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo Novemba, fedha au mahindi. Waliokuwa wakiitwa wakaidi wa elimu walikuja na magunia juu ya baiskeli. Hatukuwa tumewahutubia juu ya thamani ya elimu hata dakika moja.

Kijana mmoja wa geto lile alikuwa anakosa Jumatatu na pia vipindi viwili vya kwanza karibu kila siku. Wenzangu walikwisha muandika mtoro. Kumbe alikuwa anachota maji alfajiri na kuwauzia watu. Wanaoijua Newala wanajua maji ya bomba yakikatika huku juu kwenye uwanda wa Makonde ndoo moja inavyogeuka mali. Tulielewana na mama lishe wa jirani ampe ugali wa jioni, naye amjazie mapipa mawili baada ya masomo, si kabla. Hakuna aliyemfanyia sadaka. Alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2013 akapata divisheni foo, msije mkadhani nasimulia habari ya daktari. Leo ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho, na wazee hupanga foleni upande wake kwa kuwa kilo zake hazipungui njiani.

Sasa nije kwa watafiti, maana barua ile ilitaka utafiti zaidi ufanyike. Mwaka 2012 tulitembelewa. Vijana wastaarabu, wana vibali vyote, wana madodoso ya kurasa nyingi. Waliwauliza wanafunzi wangu kama nyumbani kuna redio, kama paa ni bati au makuti, baba alisoma mpaka darasa la ngapi. Walitununulia soda. Walikaa siku mbili wakaondoka, na mpaka nastaafu hatukupata hata ukurasa mmoja wa walichokigundua. Wala hakuna aliyeomba kuona daftari langu la mahudhurio, na lilikuwa juu ya meza palepale waliponilia chai.

Si wote wako hivyo. Mwaka 2013 na 2014 watu wa shirika la Twaweza waliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya Sh10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa Sh5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walipanda kweli. Mimi bonasi zinanipa mashaka, kwa sababu namjua mwalimu: ataanza na mtoto aliyebakiza kidogo kufaulu, na yule wa nyuma kabisa ataendelea kuhesabu mbao za dari. Lakini katika matokeo yale naona nilichokiona getoni. Fedha ikifika shuleni bila kubadilisha mtu mzima anamfanyia nini mtoto, inapita kama maji ya mvua juu ya mwamba.

Watu wa CAMFED, shirika linalosaidia wasichana kusoma, ambao wako Tanzania tangu 2005, wamekwenda njia nyingine. Wanawafundisha wasichana waliomaliza sekondari warudi kwenye shule za vijijini kwao kwa kujitolea, wakae na wadogo zao, wafuatilie nani haji na kwa nini. Dada huyo hupata mkopo usio na riba aanzishe shughuli yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliupima mpango huo hapa nchini wakakuta wasichana wanaosaidiwa wanajifunza zaidi, na kwamba gharama inalipa. Haukuwahi kufika shuleni kwetu. Niliusoma nikiwa nimestaafu, nikakaa kimya muda mrefu, na sababu nitaisema.

Mwaka 2014 nilikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu, mzuri wa aljebra, mwenye mwandiko wa kuchongwa. Februari alikosa siku tatu. Machi siku tano. Aprili tisa. Niliziona sifuri zile, na safari hii nilijua maana ya sifuri. Lakini nilikuwa na vipindi 30 kwa wiki, tulikuwa walimu wawili wa Hisabati kwa shule nzima, na kazi ya malezi haikuwa na kipindi hata kimoja kwenye ratiba. Nikajisemea wiki ijayo nitakwenda kwao. Wiki ijayo ikawa Juni, na Juni alikuwa na ujauzito wa miezi minne. Taratibu za wakati ule zilikuwa wazi. Fomu ya kumfukuza niliijaza mimi, kwa kalamu ileile nyekundu, maana ya bluu ilikuwa imeisha.

Serikali iliruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni Novemba 2021. Nilimtafuta. Alikuwa na watoto wawili na genge la nyanya, akaniamkia kwa adabu zake zote, akanifungia nyanya za bure, kisha akasema, “Mwalimu, sasa hivi nikarudi kukaa dawati lipi?”

Kwa hiyo, Mhariri, ninachoomba ni kidogo. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi, hata sita tu, viandikwe kwenye ratiba kama vinavyoandikwa vya Fizikia, na kazi yake katika saa hizo iwe kufuata sifuri. Tusikae kusubiri siku 90 za utoro zitimie ndipo tumtangaze mtoto kuwa ameacha. Siku ya tatu tayari ana jambo la kusema. Na mtafiti anayepewa kibali cha kuingia shuleni adaiwe kurudi mwaka unaofuata, asimame mbele ya walimu na wazazi, kwa Kiswahili, aseme alikuta nini. Akikuta sisi walimu ndio wabaya, aseme hivyohivyo.

Ninazo kauntabuku nne nilizonakili mahudhurio ya madarasa yangu kuanzia 2009 hadi 2019, kila sifuri na sababu yake pale nilipoijua. Majina nitayafunika. Mtafiti anayezitaka karibu nyumbani, ila asije Oktoba wala Novemba, nitakuwa shambani naokota korosho.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara