Mtaalamu wenu aje aone kabati hili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Nalisoma likiwa zima, kisha nalikata kuwa kipimo cha shingo au cha mkono wa gauni, maana karatasi yake haichaniki ovyo. Ile habari ya warsha ya Kiingereza, yenye picha ya mabwana wanne na chupa zao za maji, sasa hivi ni mkono wa kushoto wa gauni la mteja. Lakini kabla ya kupitisha mkasi niliisoma mara mbili, na mara zote mbili damu ilinichemka.

Naamini unaikumbuka. Mtaalamu wenu alisema wanafunzi wetu hawajui Kiingereza kwa sababu hawana hamasa. Akasema siku hizi hakuna kisingizio, Kiingereza kimejaa kwenye simu, anayekitaka atajifunza mwenyewe. Akamalizia kwa kuwaasa wazazi wawahimize watoto. Mwandishi wenu hakumuuliza swali hata moja, labda chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Sasa huyo wa kujifunza mwenyewe ni mimi, kwa hiyo naomba nafasi.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1981. Darasani kwetu walioitwa sekondari walikuwa wawili. Mimi nilipelekwa kwa shangazi kujifunza kushona. Kiingereza nilichotoka nacho shule kilikuwa cha kumwamkia mwalimu, darasa zima kwa pamoja, kama wimbo. Nikaishi miaka na miaka bila kukihitaji. Halafu mteja akaniletea blauzi ya mitumba niipunguze ubavuni. Nikaipunguza, nikaipiga pasi ya mkaa kama ninavyopiga nguo zote. Blauzi ikanywea, ikang'ang'ania pasi, ikatoa harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Nililipa. Usiku nikaigeuza nje ndani nikakuta kilebo kimeshonewa pembeni: "Do not iron," yaani usipige pasi. Kijana wa duka la dawa ndiye aliyenisomea kesho yake, akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo kila lebo iliyopita mikononi mwangu niliinakili kwenye daftari langu la vipimo. Ukurasa mmoja viuno na nyonga za watu, ukurasa wa pili Kiingereza. Nikanunua kando ya barabara kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile iliyotoka mwaka 1996, haina jalada wala kurasa za herufi A, ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanza na A yananipiga chenga. "Do not tumble dry" nilikaa nayo wiki nzima, kwa sababu kila nilivyoiunganisha ilinijia "usianguke mkavu," kumbe wanakataza kuikausha nguo kwa mashine. Ila lebo zina jambo ambalo vitabu vingi vya darasani havina: maneno ni yale yale, na pembeni kuna kijipicha cha beseni au cha pasi iliyochorwa alama ya kukatazwa. Neno usipolielewa kwenye shati utalikuta kwenye sketi. Siku niliyokuta kwenye pajama la mtoto mchanga "Keep away from fire," yaani weka mbali na moto, na kuielewa yote bila kugusa kamusi, nilifurahi kuliko siku niliyonunua ovaloki, mashine ya kuziba kingo za nguo.

Ninaye mteja, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwaka namrekebishia suruali zilezile mbili. Yeye aliniambia kwamba huko Kanada walikuwepo wasomi, Gardner na Lambert, waliochunguza miaka mingi kinachomsukuma mtu kujifunza lugha ya wenzake, na mwaka 1972 wakatoa kitabu. Wako wanaojifunza kwa kuvutiwa na wenye lugha na kutaka kuwa karibu nao, na wako wanaojifunza kwa faida, kama vile kazi au mtihani. Nikamuuliza wale wanaojifunza ili wasichome tena nguo ya mtu wamewekwa kundi gani. Akasema kundi la pili. Haya, mimi nina hamasa ya kundi la pili, tena niliilipia fedha taslimu.

Ni mwalimu huyohuyo aliyenisimulia mambo ambayo mtaalamu wenu ameyaruka. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya marehemu Makweta, ilitoa ripoti mwaka 1982 ikipendekeza sekondari ifundishe kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Dawa iliyoletwa ikawa mradi wa msaada kutoka Uingereza, na sehemu ya mradi ilikuwa vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vilivyogawiwa mashuleni ili mtoto asome peke yake, kimoja baada ya kingine, bila kukwama kila mstari. Mwalimu anasema darasani kwake vilisomwa mpaka vikashonwa kwa uzi. Kwa hiyo, Mhariri, habari ya kujisomea haikuanza na simu. Watu walishajua zamani kwamba kujisomea kunahitaji kitu cha kusoma.

Na mimi lebo zilinichosha. Lebo haina mtu anayeolewa wala anayeibiwa ng'ombe. Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, miaka saba amesoma kwa Kiswahili, sasa anakariri sehemu za ua kwa Kiingereza kama anayekariri namba za simu. Akaniambia, "Bibi, vitabu vya hadithi shuleni vipo. Viko kabatini." Nikasema vizuri, nitaviazima, tusome wawili, mimi nikishona mikunjo yeye anisomee.

Nilikwenda Jumatano. Nikaambiwa ufunguo anao mwalimu wa taaluma na mwalimu wa taaluma yuko semina. Nikaenda Jumatatu, mwalimu wa taaluma yupo, ufunguo umebaki kwake nyumbani. Nikaenda mara ya tatu, nimefunga banda siku nzima, na ukimuuliza fundi yeyote atakueleza maana ya kufunga banda wiki ya ubarikio. Kabati likafunguliwa. Mhariri, nimeona vitu vingi, lakini sijawahi kuona vitabu vimefungwa kwenye nailoni kama mashati ya dukani, havijafunuliwa hata siku moja, vimepangwa vizuri kwa ukubwa, na rafu ya chini yote imeliwa na mchwa. Nilishika kimoja kikanimong'onyokea, kikabaki jalada lenye picha ya msichana na baiskeli, ndani udongo. Nikauliza kwa nini watoto hawapewi. Mwalimu akanijibu kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulionimaliza, kwamba vitabu vikitoka vinachakaa na vingine havirudi, na wakaguzi wakija wakakuta pengo ni yeye atakayeandika maelezo. Nikamwonyesha mchwa. Akasema hao nao wameshaandikiwa barua. Nikasema basi niazime mimi, nisaini, niache na kitambulisho. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye futi ya kupimia iliyokuwa bado shingoni, akasema, "Sasa mama, wewe Kiingereza cha nini?" Nilikuwa na jibu refu la Kiswahili na jibu fupi la Kiingereza, na yote mawili yalinikwama. Nikarudi bandani. Siku hiyo nilipinda zipu mbili.

Mjukuu hajaomba kitabu tena. Simlaumu. Mtoto akiona bibi yake amerudi mikono mitupu mara tatu, hata ungemleta mtaalamu wenu na chupa yake ya maji kumhimiza, ataitika "ndiyo" na kuendelea kukariri.

Kuhusu simu, shuleni kwao mwanafunzi akikutwa nayo anarudishwa nyumbani amlete mzazi. Nyumbani iliyopo ni yangu, na bando la siku linakwisha video ya somo bado inazunguka ile duara. Nimejaribu pia programu ya kujifunzia. Kwa siku nne ilinifundisha kusema mvulana anakula tofaa. Sijamshonea mtu yeyote anayekula tofaa.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na hili. Mwaka juzi shule nyingine, si hiyo ya kabati, ilinipa kazi ya kutarizi nembo sabini za sweta. Chini ya nembo kulikuwa na maneno "Strive for Exellence." Nikaona kama kuna herufi imepungua, nikafungua kamusi, E ninayo yote, kweli imepungua. Nikamwambia aliyeleta kazi. Akasema, "Fundi, wewe tarizi kama ilivyo, hayo yameshapitishwa na bodi." Nikatarizi kama ilivyo. Watoto sabini wanapita mjini na kosa kifuani, na mimi nikikutana nao natazama pembeni kama niliyewakosea. Tena sweta hizohizo mzazi haruhusiwi kuja kununua kwangu. Lazima apitie ofisi ya shule, na huko bei inatoka imenenepa karibu mara mbili. Ilianza sweta, ikaja tai, sasa hata soksi ni lazima ziwe za shule, kana kwamba mguu wa mtoto nao unafanya mtihani. Mtaalamu wenu akikosa mada ya warsha ijayo, hiyo namwachia.

Nirudi kwenye kabati. Sitaki kuonekana mlalamishi asiye na la kushauri. Pale getini shuleni, chini ya mwembe, kuna mama anauza maandazi. Anakopesha watoto wa shule nzima. Analo daftari la kaunta lililofungwa na mpira, jina, darasa, maandazi mangapi, lini atalipa. Niliwahi kumuuliza ni wangapi wamemkimbia, akafikiri sana, akasema mmoja, alihamia Ifakara, na mama yake alituma hela kwa simu. Hasomi Kiingereza hata neno. Lakini kila mtoto anamjua kwa jina, anajua na nyumba anayotoka, na hakuna anayethubutu kumpita asubuhi akiwa na deni.

Ombi langu ni kwamba ule ufunguo apewe yeye. Hata kama si ufunguo, apewe ndoo moja kubwa yenye mfuniko, na ndani vitabu arobaini kutoka rafu ya juu ambako mchwa hawajapanda. Mtoto achukue kitabu pamoja na andazi, aandikwe mstari mmoja, na asipewe kitabu kipya wala andazi la mkopo mpaka cha kwanza kirudi. Madoa ya mafuta yatakuwepo, sikatai. Wakaguzi wakija wahesabu na madoa. Na mtu mzima akija kuazima, asiulizwe ni cha nini.

Kwa mtaalamu wenu nimehifadhi lile jalada la msichana na baiskeli. Nililitia kwenye mfuko wa aproni bila kuomba ruhusa, na nipo tayari kuandikiwa barua pamoja na mchwa. Nikipata anwani yake nitalituma kwa basi. Akitaka kuja mwenyewe, karibu sana, ila aje mapema, maana saa nne maandazi yanakuwa yamekwisha na mama anaondoka na daftari lake.

Fundi Cherehani,
Morogoro

(Jina langu unalo. Usilichapishe, mjukuu bado yuko kidato cha pili.)