Barua kwa Mwanaidi: Mpe Mikey kwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Mambo vipi huko, mama hajambo? Mi niko poa tu, baridi imeanza kung'ata ila kazi zinaenda. Najua nakudai na wewe unanidai kupiga simu, basi leo naandika kabisa maana hii stori kwa voisi noti ingekuwa ndefu ungeiruka.

Unamkumbuka yule bibi wa Kimarekani ninayemtunza? Juzi nikampikia mchicha wa nazi, nikaweka na wali kidogo. Ameangalia sahani, akaangalia tena, akaisukuma upande wa mwanawe (jibaba zima lina mvi) akasema "Mpe Mikey kwanza." Wakacheka wote wawili mpaka bibi akakohoa. Mi nimesimama na mwiko wangu najiuliza Mikey ndo nani, maana jibaba lenyewe haliitwi Mikey na mjukuu wa jina hilo sijawahi kumsikia humu ndani.

Kumbe ni mtoto wa tangazo bana! La mwaka 1972, la Life, zile nafaka za boksi za kumwagia maziwa kama konifleksi, wenyewe kampuni ya Quaker Oats. Jibaba likanifungulia YouTube pale pale mezani. Yaani tangazo lenyewe hamna kitu, watoto watatu wa kiume na bakuli basi. Wakubwa wawili wanasukumiana bakuli, huyu anauliza nini hiki, mwenzie anamwambia ni za asubuhi, eti zinaleta afya. Umeonja? Sionji mimi, onja wewe. Bakuli linaenda linarudi mpaka mmoja akapata akili, tumpe Mikey! Mwenzie anasema huyo hali, anachukia kila kitu. Linasukumwa kwa kale kadogo, kanaliangalia, kanachukua kijiko, kanaanza kula, tena kanakula kweli, wale kaka zake wametoa macho, "Anapenda! We Mikey!"

Nimerudia mara tatu nikagundua kitu, mtoto hasemi neno hata moja. Kelele zote ni za kaka zake, yeye anatafuna tu, na ndiye nchi nzima inamkumbuka. Halafu wale watatu ni ndugu kweli wa tumbo moja, Mikey jina lake halisi ni John Gilchrist, na aliyekuwa anaitwa Michael kikwelikweli ni mmoja wa wale kaka zake hahaha. Tangazo likarushwa zaidi ya miaka 12, ndo maana mpaka leo ukileta chakula kigeni mezani kuna mtu wa umri ule atakutajia Mikey.

Mwishoni inaingia sauti ya mtu mzima inaongea na akina mama, inawaambia ukinunua hizi usiwaambie watoto kwamba ni zile za afya, wewe peke yako ndo ujue. Hapo nikawavulia kofia, wametushika akina mama pabaya.

Ila ngoja, huyo mtoto waliwahi kumuua. Kwa mdomo lakini. Miaka ya sabini zikatoka pipi fulani za unga zinapasukapasuka ulimini, Pop Rocks, basi watoto shuleni wakaanza kuambizana eti Mikey alikula zile akashushia na soda tumbo likapasuka akafa. Uongo mtupu! Hewa iliyomo kwenye pipi ni ileile ya kwenye soda, ukizidisha unabeua tu. Mwaka 1979 wenye pipi, General Foods, ilibidi walipie matangazo magazetini kuwatuliza wazazi, na bado watu wakaendelea kumzika. Mwenyewe mzima wa afya, kakua, na kazi aliyoishia kuifanya New York ni ya kuuza nafasi za matangazo kwenye tivii ya michezo. Nilicheka!

Sasa nikalala nakumbuka Sele wenu. Unakumbuka yale matunda meusi nyuma ya uwanja ambayo hakuna aliyeyajua jina? Mimi nasema onja, wewe unasema anza wewe, mwisho tukamwita Sele, mziwanda wa watu, kavaa kaptula imechanika makalioni. Akala moja, akala la pili, kimya, midomo imekuwa ya zambarau, sisi tumekaa kwenye kibaraza tunamkodolea macho tusubiri kama ataanguka. Hakuanguka, alinyoosha mkono kuomba lingine! Ndo na sisi tukayavamia mti mzima.

Bibi naye mchicha alikula bwana, baada ya jibaba kumaliza wa kwake. Kesho anataka tena.

Nisalimie mama, na Sele mwambie najua ananidai zawadi ya harusi, nitamletea nikija. Ukimkumbushia yale matunda sawa, ila usimwambie kwa nini tulimpa yeye kwanza.

Wako,
Zuhura