Tunaosomesha nyumbani, Kiswahili tumekisukumia Ijumaa

Mhariri,

Mjadala wa elimu ya nyumbani ukizuka hapa Kenya, watu hukimbilia sheria. Mmoja atakutajia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayomtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Mwingine atajibu kwamba mtoto ni wake. Hayo nawaachia mawakili. Mimi nasomesha wanangu watatu nyumbani, Kisauni, na kinachonikera ni kingine: jinsi tunavyoyapanga masomo yenyewe.

Wengi wetu tunaagiza vijitabu vya Marekani au tunafuata mtaala wa Uingereza. Sivikashifu. Kwa Hisabati na kusoma Kiingereza, vijitabu hivyo vimepangwa ngazi kwa ngazi. Mtoto hujisomea, hujisahihisha, na mama hupata nafasi ya kuinjika chungu. Lakini tazama kilichomo katika vile vya Marekani. Hesabu ni za dola na senti, urefu ni wa inchi, joto ni la Farenhaiti, na mwaka una misimu minne na theluji juu yake. Mtoto wa Mombasa anakariri 1776, mwaka Wamarekani walipotangaza uhuru wao. Muulize 1963 kulikuwa na nini, atakutumbulia macho. Fort Jesus anaijua kama mahali pa kupigia picha. Kwamba Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698, hilo kijitabu chake hakilijui wala hakina sababu ya kulijua.

Na Kiswahili? Tumekisukumia Ijumaa alasiri, mwalimu wa tuisheni akija. Asipokuja, basi. Nikilalamika huambiwa mtoto atakiokota mtaani. Kuzungumza ataokota, sikatai, ingawa mtaa wa Nairobi utampa Sheng na huu wetu utampa Kimvita. Insha, ufahamu na ushairi haviokotwi. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni somo la lazima. Mzazi anayepanga kumrudisha mtoto shuleni akifika sekondari atakuta pengo ambalo haliwezi kuzibwa kwa tuisheni ya likizo moja.

Siombi vipindi viongezwe. Watoto watatu wa umri tofauti, masomo manane kila mmoja, ni vipindi 24. Hakuna mama atakayeviweza hivyo na nyumba ikabaki imesimama. Kwetu, Hisabati na kusoma ndiko kila mtoto ana ngazi yake. Mengine tunasoma pamoja, kwa Kiswahili, kila mmoja akapewa kazi ya kimo chake.

Chukua maji ya bahari. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi mdogo huchora mwezi alivyouona usiku. Wa kati huandika saa za kujaa na kupwa katika jedwali. Mkubwa hutoa saa ya jana kwenye saa ya leo, akatafuta wastani wa kuchelewa, kisha akachora grafu. Hapo pana Sayansi na Hisabati, na kwa kuwa kila mmoja lazima aeleze kwa maandishi alichokiona, pana Kiswahili pia. Babu yao aliyekuwa mvuvi ndiye msahihishaji, na hana huruma.

Ukitoka kwenye maji uko kwenye pepo: Kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na Kusi iliyoyarudisha. Jiografia na historia ya Mji wa Kale zimo humo. Hata ushairi una hesabu yake. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa mtindo uliozoeleka kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16. Mtoto anayehesabu silabi kwa vidole hadi 64 anajifunza kuzidisha bila kilio.

Wazazi huniuliza vitabu vya kufundishia Sayansi kwa Kiswahili viko wapi. Viko ng'ambo ya Lungalunga. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili, na vitabu vinavyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Humo mna usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, na mmeng'enyo wa chakula, na hesabu za shilingi, mita na kilo. Ila usiangalie namba iliyo kwenye jalada, maana darasa lao halilingani moja kwa moja na gredi yetu, pitia mada. Na mambo ya uraia usiyachukue huko. Wao wana mikoa na wakuu wa mikoa, sisi tuna kaunti 47 na magavana. Kwa hayo, fungua tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, usome miundo ya mtaala wetu, hata kama mtoto wako hafuati mtaala huo.

Nawe Mhariri, nina ombi. Kurasa za wanafunzi magazetini zimejaa sarufi na fasihi. Tengeni safu moja kila wiki kwa Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili, swali na jibu lake, hata ikiwa ni kipande kidogo kando ya fumbo la maneno. Wa kuwasambazia ninao.

Mama wa watoto watatu,
Kisauni, Mombasa